Uzi maalum: Boksi linalong'aa kwenye tovuti, tuanze na taa kabla ya rangi

#1 · Mwanzisha uzi (Sinza)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna swali linalorudi kila mara kutoka kwa vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti hapa Dar. Mteja mwenye duka Kariakoo, au mwenye shule, au mwenye nyumba ya wageni, anataka boksi la maelezo "linalong'aa": kona za mviringo, kichwa chenye rangi iliyokolea, na juu yake mng'ao wa kioo. Kijana anafungua programu ya picha, anachora boksi la bluu, anapaka nyeupe juu, anapunguza ukolezi wake, na kinachotoka ni boksi la bluu lenye doa jeupe. Anabadilisha bluu, anaongeza kivuli, doa bado liko palepale.

Naandika uzi huu kwa sababu naamini shida inaanzia kabla ya programu kufunguliwa. Anayechora mng'ao anachora taa: iko upande gani, ni pana kiasi gani, na imekutana na uso wa namna gani. Ukishajibu hayo matatu, kila kitu kingine kwenye boksi kinapata amri yake, yaani mpaka, kivuli, rangi ya juu, rangi ya chini, hata mahali pa kuweka maandishi. Usipoyajibu, kila leya (tabaka la mchoro) inakuwa na jua lake.

Nenda Mwenge au Kijitonyama, simama pale magari yanapooshwa, utazame ubavu wa gari jeusi likishakaushwa. Utaona sehemu ya juu ni nyeupe, ya chini ni nyeusi, na katikati kuna mstari unaozitenganisha. Ile nyeupe ni anga. Ile nyeusi ni barabara, kuta na watu waliosimama. Mstari ule ni mahali anga inapoishia. Ndiyo sababu mabenki, kampuni za simu na kila mtu walikuwa na vitufe vyenye nusu ya juu nyeupe na nusu ya chini iliyokolea: msanifu wa kwanza alikuwa anachora anga ikijiakisi kwenye kitu kilichong'arishwa, na waliofuata wakanakili mstari bila kujua ni wa nini.

Sasa tazama gari lile baada ya safari ya vumbi. Anga bado ipo, lakini mstari umeyeyuka na weupe umesambaa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: ukali wa ukingo wa mng'ao ndio unaomwambia mtu uso huu ni laini kiasi gani. Ukingo mkali ni kioo au rangi ya gari jipya. Ukingo wenye ukungu ni plastiki ya kawaida au ngozi. Ukiweka ukungu kwenye mng'ao halafu ukalalamika boksi halionekani kama kioo, umeshajijibu.

Kanuni ya pili inasahaulika zaidi. Kuna vitu vinavyong'aa kwa juu tu, mwanga haupiti ndani: boneti, kigae, meza iliyopigwa vanishi. Na kuna vitu ambavyo mwanga unaingia na kutokea upande wa pili: kioo cha rangi, soda ndani ya chupa, jeli. Kwa vile vya kwanza, rangi ya boksi inakolea kadiri unavyoshuka chini. Kwa vya pili ni kinyume: taa ikiwa juu, mwanga unapenya na kukusanyika upande wa chini, hivyo chini ndiko kunakokuwa na rangi iliyochangamka kuliko katikati. Chukua chupa ya soda ya rangi yoyote, iweke dirishani, utaona. Mtu akichora boksi la "kioo" halafu akalitia giza chini, jicho la mtazamaji linagoma hata kama mdomo wake hauwezi kusema kwa nini.

Hatua zenyewe naziweka kwenye posti inayofuata. Nitatumia maneno ya jumla ili mwenye Photoshop, mwenye GIMP na mwenye Photopea wote wafuate.

#2 · Mwanzisha uzi (Sinza)

Tunachora boksi la kioo bapa kwenye kichwa tu, mwili wa boksi ukibaki mweupe wa kusomeka. Kwenye tovuti litakuwa na upana wa pikseli 320, lakini tunalichora mara mbili, yaani 640, kwa sababu vioo vya simu nyingi vina pikseli zilizobanana na picha ndogo inatoka na ukungu.

Fungua karatasi ya pikseli 800 kwa 600. Usiiache nyeupe tupu. Mwagia kijivu chepesi, maana mng'ao mweupe kwenye mandhari nyeupe utakudanganya ukubwa wake.

Chora mstatili wa kona za mviringo, 640 kwa 420, kona ziwe na nusu kipenyo cha pikseli 24. Huu ni mwili. Rangi yake isiwe nyeupe kabisa, weka namba ya rangi #F7F9FB hivi, ili baadaye mstari mweupe wa ukingoni upate mahali pa kuonekana.

Leya ya pili ni kichwa. Kina urefu wa pikseli 88 kutoka juu, kona za juu zinafuata za mwili, za chini zimenyooka. Rangi ya msingi #1A4A80. Sasa tia gradienti, yaani rangi inayobadilika taratibu: juu rangi hiyohiyo, chini ichangamke kidogo kuelekea bluu nyepesi, kwa sababu tumeamua ni kioo na mwanga unatokea chini. Kidogo, wakuu. Mtu akiitambua gradienti yenyewe kabla ya kuona kioo, umezidisha.

Leya ya tatu ndiyo mng'ao, na hapa ndipo nitakapokaa.

Chukua umbo la kichwa, lipunguze kwa pikseli 4 kila upande. Kitu cha kioo kina unene, na unene huo unaonekana kama ukanda mwembamba usio na mng'ao kuzunguka ukingo. Mng'ao ukifika hadi mwisho kabisa wa boksi, unene unapotea na boksi linakuwa stika. Kona nazo zinapungua kwa kiasi kilekile: nje 24, ndani 20. Ukiacha 24 kwa zote mbili, ukanda wa pembeni utakuwa mwembamba kwenye mistari na mnene kwenye kona. Kosa hili nimeliona hata kwenye tovuti za taasisi kubwa, na ukishalijua huwezi tena kuacha kuliona.

Umbo hilo lililopunguzwa lina urefu wa 80. Likate ubaki na nusu ya juu, pikseli 40. Jaza nyeupe inayoanza na opasiti (ukolezi wa leya) ya asilimia 20 juu na kuishia asilimia 8 pale ulipokata. Wengi wanaanzia 60 au 70, kwa kuwa ndivyo mafunzo mengi ya zamani yalivyosema, na yalisema hivyo kwa vitufe vidogo visivyo na maandishi marefu. Sisi tuna kichwa cha habari kinachotakiwa kusomwa na mtu aliye kwenye daladala saa saba mchana, jua likipiga kioo cha simu.

Mstari wa kukata uwe mnyoofu au uliopinda? Inategemea uso. Kioo bapa, mstari mnyoofu. Kitu kilichobenuka, mstari upinde: chora duara refu sana, pana kuliko boksi lenyewe, utumie kipande cha ukingo wake kukatia. Duara dogo linaleta mkunjo mkali na boksi linageuka puto.

Leya ya nne ni mstari mweupe wa pikseli 2, opasiti 35 hivi, kwenye ukingo wa juu wa kichwa pekee. Huo ni ukingo wa kioo ukipokea taa moja kwa moja. Chini usiuweke, kule taa haifiki.

Kisha mpaka wa nje wa pikseli 2, rangi ya bluu hiyohiyo iliyokolezwa, #12355D. Usitumie nyeusi. Nyeusi inaukata mng'ao na kufanya boksi lionekane limebandikwa.

Mwisho kivuli. Taa yetu iko juu katikati, kwa hiyo kivuli kinashuka chini moja kwa moja, pikseli 4, na ukungu wa 12, opasiti 25. Rangi yake bluu nzito, wala isiwe nyeusi tupu. Kwenye Photoshop kuna kiboksi cha kuifanya pembe ya taa iwe moja kwa mitindo yote ya leya. Kiwekee tiki na uandike digrii 90, kisha hutahangaika na kivuli kinachokwenda kulia wakati mng'ao uko kushoto.

Hifadhi faili lenye leya zake kabla ya lolote. Umeme wetu mnaujua.

#3 · Mchangiaji (Tabata)

Mkuu, darasa zuri. Mimi natumia GIMP kwa sababu sina uwezo wa kulipia Photoshop kila mwezi, na laptop yangu ni ya mtumba. Huku sioni kifaa cha kuchora mstatili wenye kona za mviringo. Nafanyaje?

#4 · Mwanzisha uzi (Sinza)

Mkuu wa Tabata, GIMP inatosha kabisa kwa kazi hii. Ni programu huru, ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, katikati ya miaka ya 1990, na hadi leo hulipi kitu. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 na lilileta jambo tulilolisubiri miaka mingi: kivuli na athari nyingine zinakaa kwenye leya bila kuiharibu, unaweza kurudi kesho kuzibadilisha.

Kwa mstatili, chukua kifaa cha kuchagua eneo la mstatili, kisha kwenye chaguo zake chini weka tiki kwenye kona za mviringo na uandike 24. Jaza rangi kwenye leya mpya. Kwa mng'ao, bonyeza kitufe cha kulia juu ya leya ya kichwa, chagua amri ya kugeuza alfa (umbo la sehemu iliyopakwa rangi) kuwa eneo lililochaguliwa, nenda kwenye menyu ya kuchagua, punguza kwa pikseli 4. Kisha, ukiwa bado umelishikilia eneo hilo, toa nusu ya chini kwa kifaa cha mstatili kilichowekwa kwenye hali ya kutoa. Gradienti yako iwe ya nyeupe kuelekea uwazi, uivute ipite pale ulipokata ili weupe usiishe kabla ya ukingo, na opasiti uishushe kwenye leya.

Mwenye kompyuta dhaifu zaidi ajaribu Photopea. Inafunguka ndani ya kivinjari, inasoma faili za PSD (za Photoshop), na faili lako halipandishwi kokote, kazi yote inafanyika kwenye mashine yako. Kwa bando letu hilo ni jambo kubwa.

#5 · Mchangiaji (Mbezi Beach)

Naheshimu kazi yako kaka, lakini tuseme ukweli. Mambo ya kung'aa yalishapita. Tangu simu zihamie kwenye rangi bapa, mtu akitengeneza boksi la kung'aa anaonekana wa zamani. Kwa nini tuwafundishe vijana kitu kilichokufa?

#6 · Mwanzisha uzi (Sinza)

Ndugu yangu, hoja yako nina hamu nayo, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Mtindo huu ulipata nguvu Januari 2000, Steve Jobs wa Apple alipouonyesha ulimwengu sura mpya ya kompyuta za Mac iliyoitwa Aqua, na Mac OS X yenyewe ikatoka Machi 2001. Vitufe vilikuwa kama matone ya maji yenye rangi. Miaka iliyofuata, tovuti zote zikaiga. Windows Vista ikaingia sokoni Januari 2007 na madirisha yake ya kioo. Mwaka huohuo ikaja iPhone, na kwa miaka mfumo wake ulikuwa ukizitia alama za programu mng'ao wenyewe, msanifu asipokataa. Kisha Windows 8 mwaka 2012 ikaja na rangi bapa, iOS 7 ya iPhone mwaka 2013 ikafuata, na watu wakaanza kusema unayoyasema.

Lakini Juni 2025 Apple walitangaza sura inayoitwa Liquid Glass, na Septemba ikaingia kwenye simu za watu na iOS 26. Vitufe vya kioo, ukingo unaopokea taa, rangi ya nyuma inayopenya. Wasanifu waliosoma miaka ya rangi bapa wakaanza upya kujifunza mwanga unaingia wapi na kutokea wapi. Anayeelewa chupa ya soda dirishani hakuwa na la kujifunza upya.

Nakubaliana nawe kwenye jambo moja: kung'arisha kila kitu ni vibaya. Tovuti ambayo menyu inang'aa, picha zinang'aa, kitufe kinang'aa na sehemu ya chini inang'aa, hakuna kinachoonekana. Mng'ao unamwambia mtazamaji "hapa kuna kitu". Kwenye ukurasa mmoja, boksi moja au mawili yanatosha. Kwa tovuti ya hospitali au ya ofisi ya wakili mimi nisingeweka hata moja.

Na kuna suala la mteja. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo amepanga bidhaa zake nyuma ya kioo, amefunga taa juu yake, na kila asubuhi kijana wake anakipangusa. Akisema anataka tovuti ing'ae, anajua anachokitaka. Kumwambia mtindo umepita ni kukataa kumsikiliza.

#7 · Mchangiaji (Mbezi Beach)

Hapo kwa mteja umenigusa. Hiyo ya Liquid Glass nimeiona, na malalamiko makubwa niliyoyasikia ni kwamba maandishi hayasomeki vizuri juu ya kioo. Hilo je?

#8 · Mwanzisha uzi (Sinza)

Hilo ndilo jambo zito kuliko yote kwenye uzi huu, asante kwa kulileta.

Mng'ao mweupe ukikaa juu ya rangi, rangi inapauka. Maandishi yako meupe yaliyokuwa yakisomeka vizuri juu ya bluu, sasa yako juu ya bluu iliyopauka. Kuna kipimo cha kimataifa cha tovuti kusomeka na kila mtu, WCAG, kinachosema uwiano wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake usipungue 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa 3 kwa 1.

Chukua bluu ya kawaida inayopendwa, #2F6FB5. Maandishi meupe juu yake yana uwiano wa kama 5.2. Umefaulu. Sasa weka mng'ao mweupe wa asilimia 30 juu yake: rangi inakuwa karibu na #6D9ACB, na uwiano unaanguka hadi chini kidogo ya 3. Umefeli hata kwa maandishi makubwa, na wala hukugusa maandishi. Ndiyo maana nilichagua #1A4A80 na mng'ao wa asilimia 20. Pale mng'ao ulipo mkali zaidi, uwiano bado uko juu ya 5.

Kwa hiyo pima pale penye mwanga mwingi kuliko pote. Chukua kifaa cha kudondoa rangi, bonyeza sehemu ya juu ya mng'ao nyuma ya herufi, peleka namba hiyo kwenye kikokotozi chochote cha uwiano. Watu wengi wanapima rangi ya msingi waliyoandika kwenye daftari, wakati msomaji anaiona rangi iliyobaki baada ya mng'ao.

Jambo la pili: maandishi yakae juu ya mng'ao au chini yake? Kwa kichwa cha boksi, leya ya maandishi iwe juu ya kila kitu. Kuna wanaoweka mng'ao juu ya herufi ili zionekane ziko ndani ya kioo. Kwa nembo inapendeza. Kwa kichwa cha habari unaziondolea herufi ncha zake za juu, na herufi tunazitambua zaidi kwa nusu yake ya juu. Funika nusu ya chini ya neno "Mawasiliano" kwa karatasi, utalisoma. Funika nusu ya juu, utahangaika.

Na mwili wa boksi, pale penye aya ndefu, usiweke mng'ao kabisa. Boksi la maelezo likiwa na urefu wa pikseli 400, mng'ao wa nusu unaishia katikati ya aya, na msomaji anavuka mpaka wa rangi mbili akiwa kwenye sentensi moja. Kichwa king'ae, mwili utulie.

#9 · Mchangiaji (Mbagala)

Mwalimu, mimi nimefuata hatua zote, limetoka vizuri. Tatizo ni kwamba kwenye kioo cha laptop yangu gradienti inaonekana ina mistari mistari, kama ngazi. Picha nimehifadhi kwa ubora wa juu kabisa.

#10 · Mwanzisha uzi (Sinza)

Hongera mkuu. Hiyo si kasoro ya kuhifadhi. Picha za kawaida zina ngazi 256 tu za kila rangi ya msingi. Ukitandaza gradienti kutoka bluu hadi bluu inayokaribiana nayo, labda umetumia ngazi 20 pekee, na ukizisambaza kwenye pikseli mia kadhaa, kila ngazi inakuwa mkanda unaoonekana. Vioo vya laptop za bei nafuu vinazidisha, kwa kuwa vingi vina ngazi chache zaidi ya hizo.

Dawa ni chembechembe. Ongeza kichujio cha kelele, asilimia 1 au pungufu, ya rangi moja, juu ya leya ya gradienti. Jicho halizioni chembe zenyewe ila zinavunja mipaka ya mikanda. Kifaa cha gradienti pia huwa na chaguo la kuchanganya pikseli za mpakani, liwashe. Ukihifadhi kwa JPEG ya ubora mdogo baada ya hapo utazipoteza chembe zako na mistari itarudi, kwa hiyo tumia PNG.

#11 · Mchangiaji (Kigamboni)

Shukrani kwa uzi. Swali la mwisho kutoka kwangu: nikishalichora, naliwekaje kwenye tovuti? Ninakata vipande au naweka picha nzima? Na boksi likiwa na maneno mengi linarefuka vipi?

#12 · Mwanzisha uzi (Sinza)

Dada au kaka wa Kigamboni, ndiyo sehemu iliyobadilika kuliko zote.

Zamani tulikata vipande vitatu: juu yenye kona, katikati, na chini yenye kona. Kipande cha katikati kilikuwa na kimo cha pikseli moja tu, kinajirudia kushuka chini kadiri maneno yanavyoongezeka. Wakongwe waliofanya kazi kabla mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM haujawashwa Julai 2009 wanajua kwa nini kila pikseli ilihesabiwa: intaneti ilipita kwenye satelaiti, na picha moja nzito ilitosha kumfanya mteja aliyeketi internet café ya Posta alipie nusu saa akiutazama ukurasa mweupe. Juu ya hayo, kivinjari cha Internet Explorer 6 hakikuweza chenyewe kuonyesha vizuri picha ya PNG yenye uwazi wa nusunusu, kwa hiyo kivuli na kona vilichorwa pamoja na rangi ya ukurasa, na ukibadilisha mandhari unakata upya.

Leo mchoro wako wa kwenye programu ya picha ni ramani. Boksi lenyewe unaliandika kwa CSS, lugha ya kupanga sura ya tovuti, haliiti picha hata moja, na linarefuka lenyewe. Vipimo vyote vinagawanywa kwa mbili, kwa sababu tulichora mara mbili:

```
.boksi {
  width: 320px;
  background: #f7f9fb;
  border: 1px solid #12355d;
  border-radius: 12px;
  overflow: hidden;
  box-shadow: 0 2px 6px rgba(10,30,60,.25);
}
.boksi .kichwa {
  color: #fff;
  padding: 12px 16px;
  background:
    linear-gradient(rgba(255,255,255,.20),
      rgba(255,255,255,.08) 50%,
      rgba(255,255,255,0) 50%),
    #1a4a80;
  box-shadow: inset 0 1px 0 rgba(255,255,255,.35);
}
```

Ona asilimia 50 imeandikwa mara mbili. Alama mbili za gradienti zikikaa mahali pamoja, ukingo unakuwa mkali: ndiyo anga ya Mwenge inaishia hapo. Ukitaka uso wa plastiki, ya pili iandike 65, mpaka utayeyuka. Ule ukanda wa pikseli 4 wa pembeni mwa mng'ao haumo kwenye msimbo huu mfupi. Ukiutaka, mng'ao uwe kipengele kinachojitegemea ndani ya kichwa, chenye nafasi ya pikseli 2 kila upande na kona zake 10. Na kile kichangamko cha chini ya kichwa kiongeze kwa gradienti nyingine nyuma ya hii.

Kuna amri mpya zaidi, backdrop-filter, inayotia ukungu kilicho nyuma ya boksi, kama kioo cha bafuni. Inapendeza sana. Kwa simu za bei ya chini ambazo wateja wetu wengi wanazo, inaifanya simu ikokotoe ukungu upya kila mtu anaposogeza ukurasa, na ukurasa unakwama. Itumie kwa uangalifu, na uweke rangi ya kawaida ya akiba kwa simu zisizoijua.

#13 · Mchangiaji (Ubungo)

Mkuu, sisi wa mabango. Mteja ameipenda tovuti, anataka boksi hilohilo lichapwe kwenye flex (turubai la bango) la mita mbili. Nikigeuza kwenda CMYK (rangi nne za wino wa kuchapia) mng'ao unakufa.

#14 · Mwanzisha uzi (Sinza)

Kwanza usikuze picha ya tovuti, chora upya kwa vekta (mchoro unaokuzwa bila kupoteza ubora). Pili, bluu nyangavu za kwenye kioo cha kompyuta wino hauzifikii, kwa hiyo tofauti kati ya mng'ao na msingi inapungua. Unganisha leya zote za boksi kwenye nakala kabla ya kugeuza, maana modi za kuchanganya leya kama Skrini na Malitiplai zinakokotoa tofauti ndani ya CMYK. Kisha koleza msingi badala ya kuongeza nyeupe, kwa sababu nyeupe yako ya mwisho ni nyeupe ya flex yenyewe, huwezi kuizidi. Omba chapisho dogo la majaribio kabla ya kuchapa mita mbili.

#15 · Mchangiaji (Tabata)

Nimemaliza kwenye GIMP. Kichwa kimetoka kioo kabisa. Ila kivuli naona kama boksi linaelea juu mno.

#16 · Mwanzisha uzi (Sinza)

Kivuli kikiwa mbali na chenye ukungu mwingi, kitu kinaonekana kimeinuka. Rudisha umbali uwe pikseli 4, ukungu 12. Kisha ongeza kivuli cha pili, umbali 1, ukungu 2, opasiti 30. Hicho cha pili ndicho kinachoshikiza boksi kwenye ukurasa. Ukishajaribu weka picha hapa tuione.